Sura ya 4: Naweza Kubadilisha Oili Mwenyewe?

Swali hili huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyeagiza gari lake la kwanza kutoka Japani, Fielder au Demio au Vitz, akalilipia ushuru Mombasa, akaliendesha mpaka Kisumu, na sasa hataki mkono wa mtu mwingine uguse nati hata moja. Wa pili amechoka. Kila gereji anayoingia anaambiwa lake: huyu anasema kilomita elfu tatu, yule elfu tano, wa tatu anasema oili ikishakuwa nyeusi itolewe. Wote wawili huishia kuuliza: kwani kazi yenyewe ni ngumu kiasi gani?

Si ngumu. Ila nikukatishe tamaa mapema kwa jambo moja: hutaokoa pesa za maana. Fundi wa jua kali wa Kibuye au Kondele hatozi kitu kikubwa kwa kufungua nati na kuifunga. Pesa huishia kwenye oili na filta, navyo utavinunua tu. Mara ya kwanza hata utatumia zaidi, maana kuna spana, beseni na stendi za kununua. Unachopata ni kujua. Utajua ni nini kimeingia kwenye injini yako, kwa kiasi gani, na kilichotoka kilikuwa na sura gani. Ukishajua hayo, hata ukirudi kwa fundi wako miezi sita baadaye, hawezi tena kukuambia lolote ukaitikia tu.

Oili inachakaa vipi?

Ndani ya injini kuna vyuma vinavyozunguka na kupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, vikiwa vimekaribiana sana. Oili hujipenyeza kati yake ili visigusane. Hubeba pia joto, huosha masizi, na huzuia kutu. Gari likizimwa, oili yote huteremka na kutulia kwenye sampu, yaani bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini. Ukiwasha, pampu huivuta kutoka humo, huipitisha kwenye filta ili uchafu unaswe, kisha huisukuma juu.

Oili haiishi kama petroli, inachakaa. Joto huivunjavunja, masizi huijaza, na zile dawa zilizochanganywa humo kiwandani ili kupambana na uchafu na asidi hutumika zikaisha. Tena injini inapokuwa bado baridi, petroli kidogo na unyevu huteremka hadi kwenye sampu. Ukiendesha mwendo mrefu, joto huvifukuza vyote viwili. Ukiendesha kutoka Milimani hadi sokoni Jubilee na kurudi, hupati muda huo, kwa hiyo vinabaki.

Ndiyo sababu gari la mwalimu linalotembea kilomita nne kwa siku linaweza kuchafua oili yake haraka, kilomita kwa kilomita, kuliko Probox inayobeba abiria wa Bondo kutwa nzima. Watu hubishana nami sana kwenye jambo hili.

Basi ni kilomita ngapi?

Fungua mlango wa dereva utazame pembeni, pale mlango unapofungia. Magari mengi ya Japani hufika huku yakiwa bado na stika ndogo ya gereji ya kule, yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Mara nyingi hiyo ni kumbukumbu ya oili: tarehe ya mwisho ilipobadilishwa, na kilomita zilizokuwa zimesomeka. Mwaka ukikuchanganya, kumbuka kwamba Wajapani huhesabu pia kwa enzi za wafalme wao. Herufi H ni enzi ya Heisei, iliyoanza 1989, kwa hiyo unaongeza 1988: H28 ni 2016. Herufi R ni Reiwa, iliyoanza Mei 2019, unaongeza 2018: R3 ni 2021. Linganisha kilomita za stika na zile za dashibodi. Ikiwa stika ina kilomita nyingi kuliko dashibodi, una swali la kumuuliza aliyekuuzia gari.

Kitabu kilichomo kwenye droo ya mbele, ambacho wengi hawajawahi kukifungua kwa kuwa ni Kijapani, kina jibu la kushangaza. Kwa Toyota nyingi za petroli zisizo na turbo (turbo ni feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), kampuni iliwaambia Wajapani wabadilishe oili kila kilomita 15,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Elfu kumi na tano! Lakini endelea kusoma. Chini yake kuna masharti: kwa matumizi magumu, gawanya kwa mbili, yaani 7,500 au miezi sita. Na matumizi magumu wanayoyataja ni haya:

- safari fupifupi za mara kwa mara;
- barabara za vumbi au mashimo;
- milima mingi ya kupanda na kushuka;
- kusimama muda mrefu injini ikiunguruma.

Mtu wa Kisumu anayekwenda kwao Seme au Asembo kwa njia ya murram, anayepanda Riat kuelekea Kiboswa, kisha akasimama kwenye msongamano wa Kondele, ametimiza masharti matatu kabla ya saa sita mchana. Tena gari lake si jipya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini miaka saba nayo ni miaka.

Kwa maoni yangu, 5,000 ni namba nzuri: ni rahisi kukumbuka na ina nafasi ya kusamehe. Ukitumia oili ya sinthetiki, yaani iliyotengenezwa kiwandani kwa uangalifu zaidi na inayostahimili joto, na safari zako nyingi ni za barabara kuu ya kwenda Nairobi, 7,500 haina tatizo. Elfu tatu ni urithi wa oili za zamani. Na kama gari halitembei, hesabu miezi: sita ikipita, badilisha.

*Kwa ufupi: kilomita 5,000 au miezi sita. Rangi nyeusi peke yake si sababu. Oili nzuri huwa nyeusi kwa kuwa inaosha.*

Namba za kwenye mtungi

Ukiingia duka la spea ukasema tu "oili ya Fielder", mazungumzo huenda hivi:

"Jaduong', chukua hii 20W-50. Nzito. Kisumu ni joto, nyepesi itayeyuka."

"Asante kijana wangu, lakini naomba 5W-30. Na filta yake, na washa ya nati ya sampu."

Kijana hajakudanganya kwa kusudi. Imani kwamba mji wa joto unataka oili nzito imeenea ziwa zima, na inaonekana ina mantiki. Tuipime.

Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyofika juu haraka asubuhi unapowasha gari. Namba ya pili inaeleza uzito wake ikiwa imepata joto la nyuzi 100, ambalo ni karibu na joto la injini inayofanya kazi. Sasa, injini ina kifaa kiitwacho thamostati, ambacho hufungua na kufunga njia ya maji ya rejeta ili joto lisipande wala kushuka sana. Kazi yake ni kuiweka injini karibu na nyuzi 90. Iwe uko Kericho kwenye baridi ya majani chai au uko Dunga saa nane mchana, kama rejeta ni nzima, ndani ya injini hali ya joto ni karibu ile ile. Joto la Kisumu linalokutoa jasho wewe, injini hailioni kama unavyofikiri.

Kinachobadilika ni asubuhi. Nyuzi 18 za alfajiri ya Kisumu si baridi kwako, lakini kwa injini inayotaka 90 ni baridi kabisa. Oili nzito huchelewa kufika juu, na sehemu kubwa ya kusagika kwa vyuma hutokea katika muda huo mfupi. Zaidi ya hayo, injini kama 1NZ-FE, ile ya lita moja na nusu iliyo kwenye Probox na Fielder nyingi za miaka iliyopita, ina mfumo wa VVT-i unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia msukumo wa oili kupitia vijia vyembamba. Vijia hivyo vilichongwa kwa oili nyepesi.

Je, 20W-50 haina kazi? Inayo. Injini iliyochoka, inayomeza oili na kutoa moshi wa buluu, hupata nafuu kidogo kwa oili nzito. Hiyo ni dawa ya maumivu tu. Gari lililotoka tu bandarini haliihitaji.

Tazama pia herufi za API, ambacho ni kiwango cha ubora cha Marekani kinachotumika dunia nzima. Kwa petroli zinaanza na S, na herufi ya pili kadiri inavyosonga mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi: SL ni ya zamani, SN ni nzuri, SP ni mpya zaidi ya hiyo. Zinazoanza na C ni za dizeli.

Mtungi wenyewe ni halali?

Oili bandia ipo Kenya, na hutengenezwa kwa njia rahisi: mtungi halisi uliotupwa huokotwa, hujazwa oili chakavu iliyochujwa, kifuniko hubandikwa upya. Kagua pete ya kifuniko kama imewahi kukatwa. Tazama alama ya KEBS, shirika la viwango. Iliyo halali ina namba ya kibali chini yake, na unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe wenye SM# na namba hiyo kwenda 20023. Ukimaliza kazi, toboa mtungi kwa msumari kabla ya kuutupa. Ni kazi ya sekunde moja, na mtungi wako hautarudi dukani.

Vifaa

- oili lita 4, filta, na washa mpya, yaani ile pete ndogo ya bati inayoziba nati ya sampu;
- spana ya pete au boksi; Toyota nyingi ndogo hutumia namba 14;
- jeki, stendi mbili za chuma, na mawe mawili ya kuzuia magurudumu;
- beseni pana la kubeba zaidi ya lita 5, faneli, matambara, glavu;
- mtungi mtupu wenye kifuniko, wa kubebea oili chakavu.

Kama huna stendi, usianze. Jeki ni ya kuinulia tu. Haikutengenezwa kukaa na gari wakati mtu yuko chini yake. Watu hufa hivyo, tena kwa magari madogo.

Kazi yenyewe

Tafuta sakafu ya saruji iliyo tambarare. Wakazi wa Nyamasaria na uwanda wote wa Kano wawe waangalifu zaidi: ule udongo mweusi ukiwa mkavu hudanganya, ukiwa na unyevu humeza miguu ya stendi. Weka ubao mnene na mpana chini yake, au nenda ukaazime sakafu ya jirani.

Washa injini dakika tatu au nne, uzime. Oili vuguvugu hutoka upesi na kubeba uchafu. Oili ya gari lililotoka Ahero sasa hivi itakuunguza mkono. Vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu, inua mbele, ingiza stendi, kisha tikisa gari kwa nguvu kabla ya kuingia. Likicheza, lishushe uanze upya.

Hapa ndipo pana kosa kubwa kuliko yote ya mtu wa mara ya kwanza. Chini ya gari kuna nati zaidi ya moja ya kumwaga oili. Moja ni ya injini, nyingine ni ya gia. Wapo waliomwaga oili ya gia wakidhani ni ya injini, kisha wakajaza injini lita nne juu ya nne zilizokuwemo, wakaondoka na gari lisilo na oili ya gia. Gia otomatiki hazisamehe jambo hilo. Sampu ya injini iko chini ya injini yenyewe, upande ule ule wa kifuniko cha kujazia oili na dipstiki, kile kijiti cha kupimia. Ukifungua nati na kitu kilichotoka ni chekundu, kisafi, chenye kung'aa, ifunge mara moja. Wenye Subaru, nanyi kagueni mara mbili.

Nati hufunguka kinyume cha saa ukiitazama uso kwa uso. Ukiwa umelala chali, akili hugeuka na watu wengi huikaza zaidi. Ilegeze kwa spana, kisha malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu, halafu iondoe ghafla na mkono uwe kando. Mkondo wa kwanza huruka mbali kuliko unavyotarajia, kwa hiyo beseni lisikae chini ya nati kabisa bali mbele kidogo. Acha itone dakika kumi.

Filta hufunguliwa kwa mkono, au kwa mnyororo wa filta ikikataa. Ikishatoka, tazama kama pete yake ya mpira imetoka nayo. Ikibaki imenata kwenye injini na ukafunga filta mpya juu yake, pete mbili hazizibi. Oili yote itamwagika barabarani. Paka pete mpya oili safi kwa kidole, zungusha filta hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko kwa nguvu za mkono. Spana haihitajiki hapa.

Rudisha nati ya sampu na washa mpya. Anza kwa vidole, ili uzi usiende upande. Kaza hadi ishike imara na uongeze kidogo tu. Sampu nyingi za siku hizi ni za aluminiamu, na mwenye misuli huharibu uzi kwa dakika moja.

Shusha gari. Injini ya 1NZ-FE huchukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo usimimine mtungi mzima wa lita 4 kwa mazoea. Mimina tatu, subiri, futa dipstiki, pima, ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu. Oili ikizidi, ekseli kubwa ya ndani huifikia na kuipiga hadi ikawa povu, na povu halilainishi chochote. Washa. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Chungulia chini kama kuna tone. Zima, subiri dakika tano, pima tena.

Soma kilichotoka

Kabla ya kuhamisha oili chakavu, isogeze kwenye jua uitazame. Nyeusi na nyepesi ni kawaida. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji: ikiwa ni ute mdogo tu chini ya kifuniko huenda ni safari fupi, lakini beseni zima likiwa hivyo, maji ya rejeta yanaingia ndani na gari lisitembee tena hadi fundi alione. Ikinuka petroli sana, kuna plagi au injekta isiyochoma vizuri. Vumbi la chuma linalometameta si la kupuuza. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni simu ya kupigwa siku hiyo hiyo.

Lita nne zinakwenda wapi?

Vitabu vingi humalizia pale gari linapowaka. Kisumu hapo ndipo katikati ya kazi, kwa sababu mji huu unakunywa kutoka kule inakoteremkia mitaro yake. Oili ukiimwaga Manyatta, mvua ya masika huipeleka Mto Auji, kupitia Nyalenda, hadi ziwani. Ukiimwaga upande wa viwandani, inabebwa na Kisat. Yote huingia Ghuba ya Winam, ambayo ni ya kina kifupi na imeunganishwa na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba wa Rusinga, kwa hiyo maji yake hayabadiliki haraka. Mtambo wa maji wa Dunga unavuta kutoka ghuba hiyo hiyo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hutumia kipimo hiki kuonya wenye magari: oili ya kubadilisha mara moja inaweza kuchafua maji mara milioni moja ya ujazo wake. Kwa miaka mingi matatu ziliingizwa majini kabisa ufukweni ili zioshwe, zikiacha utando wa rangirangi juu ya maji, na bado tunashangaa omena kupungua.

Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka za 2006 zimeweka mafuta machakavu kwenye orodha ya taka hatari. Matumizi ya nyumbani tunayajua: kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, kunyunyizia ua ili vumbi litulie, hata kumpaka mbwa mwenye upele. Mbwa mwacheni, oili chakavu ina kemikali zinazosababisha saratani, ndiyo maana nikataja glavu. Ua pia hapana, maana mvua itaichukua. Nguzo iliyo mbali na kisima na mto, iliyopakwa ikakauka kabla ya kuchimbiwa, naweza kuinyamazia, ingawa siisifu.

Njia iliyo bora ni mtungi wenye kifuniko, upelekwe kwenye gereji au kituo cha mafuta chenye pipa la oili chakavu. Uliza pipa hilo huchukuliwa na nani. Wakusanyaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, huinunua, kwa kuwa husafishwa upya au kuchomwa kwenye tanuri za viwanda, kwa hiyo mwenye pipa atakuwa na jibu la haraka. Anayejikuna kichwa, mpite uende kwa mwingine. Usichanganye humo maji ya rejeta, petroli wala oili ya breki. Pipa zima hukataliwa kwa ajili ya kikombe kimoja.

Filta ya zamani nayo imebeba oili ya kutosha kuchafua kisima. Itoboe juu kwa msumari, iinamishe kwenye beseni usiku kucha, na kilichotoka kiingie kwenye mtungi ule ule kabla hujaufunga.